Huitzilopochtli: Mungu wa Vita Aliyezaliwa na Silaha Mkononi

Cheki hii stori, msee. Waazteki wa Mexico walikuwa na mungu wa vita na jua, Huitzilopochtli. Mathake, Coatlicue, alipata mimba akifagia hekalu: manyoya yalianguka, akayaweka kifuani. Bintiye Coyolxauhqui akaona ni aibu, akaita mabro zake 400 wammalize mathe. Noma! Mtoi akazaliwa hapo hapo akiwa na silaha, akamkata siste kichwa, mwili ukabingirika mlimani.

Ndiyo maana huko Tenochtitlan mateka wa vita walitolewa moyo juu ya hekalu lake ili jua lisizime, kisha miili ikabingirishwa ngazini. Wahispania waliangusha mji huo 1521. Mwaka wa 1978, mafundi wa stima wakichimba Mexico City wakagonga jiwe: Coyolxauhqui, vipande vipande, chini ya ngazi hizo.