Shajara ya Amsterdam na Habari za Same

Anne Frank, binti wa Kiyahudi aliyepewa daftari siku alipotimiza miaka 13, tarehe 12 Juni 1942, na majuma machache baadaye akajificha pamoja na jamaa zake mjini Amsterdam, alisikia kwa redio, Machi 1944, waziri wa Uholanzi aliyekuwa uhamishoni akiwasihi raia wahifadhi barua na shajara zao. Na tangu hapo akazinakili upya kurasa zake, akifuta hapa na kuongeza pale. Walikamatwa tarehe 4 Agosti, na makaratasi yaliyotapakaa sakafuni yakaokotwa na Miep Gies, karani aliyekuwa akiwaletea chakula. Humo twasoma ugomvi wake na mama yake, viazi vilivyooza, na hofu ya kila kishindo ngazini.

Januari 1945, ilhali Anne akidhoofika kambini Bergen-Belsen, maelfu ya Wapare wa Tanganyika waliteremka milimani hadi Same, makao makuu ya wilaya, kuipinga kodi ya Mbiru, iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Na wanawake wa Usangi nao wakajitokeza kuwakabili wakuu. Baada ya ubishi mrefu, serikali ya kikoloni iliiondoa kodi hiyo. Marehemu Profesa Isaria Kimambo alitunga kijitabu juu ya Mbiru, kilichochapishwa 1971, na fadhila yake kwetu ni adhimu. Hata hivyo, daftari la kijana mmoja wa Kipare wa mwaka ule, la kutueleza mama alipika nini na nani alichunga mbuzi wakati baba yuko Same, ningelitamani kuliko nyaraka zote za bwana shauri.