Kulala Kijijini, Kushinda Mjini: Historia ya Safari ya Kila Siku ya Kwenda Kampala

Utangulizi

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza mada ambayo kila mwalimu wa Kiswahili amewahi kuitumia: "Linganisha maisha ya mjini na ya kijijini". Tulitarajia majibu tuliyoyazoea, kwamba mjini kuna taa na kelele, na kijijini kuna hewa safi na majirani wema. Mwanafunzi mmoja alirudisha karatasi yenye sentensi chache tu. Aliandika kwamba huamka saa kumi alfajiri nyumbani kwa bibi yake, upande wa Matugga, huwapa mbuzi majani, hupanda teksi, na saa mbili huwa darasani Kampala. Jioni hurudi kula matoke yaliyokatwa nyuma ya nyumba. Mwishoni akauliza: "Mwalimu, niandike nikiwa upande gani?"

Tulikosa jibu. Zaidi ya hayo, tulipotazamana katika chumba cha walimu tuligundua kwamba karibu nusu yetu tunaishi kama yeye. Makala haya ni jaribio la kumjibu. Tunakusudia kuonesha kwamba desturi ya kulala kijijini na kufanya kazi Kampala ina umri mkubwa kuliko jiji lenyewe, kwamba iliwezekana kwa sababu ya kibanja, na kwamba kumbukumbu yake imo katika maneno ambayo sisi walimu wa Kiswahili tunayatumia kila siku bila kuyauliza yametoka wapi.

Mji ndani ya migomba

Kabla ya wageni kutoka Ulaya, Buganda ilikuwa na makao makuu yaliyoitwa "kibuga". Kibuga kilihama kila Kabaka alipohama, lakini mpangilio wake ulifuata kanuni moja. Machifu waliosimamia majimbo walitakiwa kuwa na nyumba katika kibuga, kila mmoja kando ya barabara iliyoelekea jimboni kwake. Waliishi kwa kwenda na kurudi: huku kumhudumia Kabaka, kule kusimamia watu na mashamba. Kwa hiyo, kuwa na miguu miwili, mmoja mjini na mmoja shambani, kulikuwa alama ya heshima.

Desemba 1890 Kapteni Frederick Lugard alipiga kambi katika kilima kinachoitwa leo Old Kampala, na ngome yake ikawa mbegu ya mji wa kikoloni. Tangu hapo ikakua miji miwili jirani: kibuga cha Mengo chini ya serikali ya Kabaka, na mji wa Waingereza na wafanyabiashara wa Kihindi uliohamia Nakasero.

Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uligawa ardhi iliyoitwa "mailo", jina lililotokana na maili za mraba zilizotumika kuipima. Mailo zilipewa Kabaka, machifu na watu mashuhuri. Mkulima wa kawaida alibaki na kibanja juu ya ardhi ya mwingine. Mwenye ardhi alidai "busuulu", yaani kodi ya ardhi, na "envujjo", yaani sehemu ya mazao. Madai hayo yalipozidi, ilipitishwa Sheria ya Busuulu na Envujjo ya mwaka 1928, ambayo iliwekea malipo hayo kikomo na kumlinda mwenye kibanja asifukuzwe ovyo maadamu analipa na kulima.

Tunaomba msomaji azingatie jambo hili, kwani ndilo msingi wa makala yetu. Mtu mwenye kibanja chenye migomba, kilichopo mwendo wa saa mbili au tatu kutoka mjini, hakuwa na sababu ya kuhamia mjini. Chakula alikuwa nacho mwaka mzima, nyumba hailipiwi kila mwezi, na makaburi ya wazee wake yako pale pale. Mji ulikuwa mahali pa kutafuta fedha ya kodi, ya karo na ya sukari. Ifahamike pia kwamba palipo na mume aliyekwenda mjini asubuhi, palikuwa na mke aliyebaki na jembe. Mshahara mdogo wa Kampala ulitosha kwa sababu jasho la mwanamke huyo halikuandikwa katika daftari la mwajiri.

Enzi ya baiskeli

Kilimo cha pamba, kilichoenea Buganda tangu mwaka 1903 na 1904, na baadaye kahawa, kiliwapa Waganda wengi njia ya kupata fedha bila kuajiriwa. Kazi ngumu za mjini zikafanywa kwa wingi na watu waliotoka mbali: Kigezi, West Nile, Rwanda na Burundi. Hao ndio waliopanga vyumba vya Kisenyi na vitongoji vingine, kwa kuwa hawakuweza kurudi kwao jioni. Watafiti Aidan Southall na Peter Gutkind walieleza maisha ya Kisenyi na Mulago katika kitabu chao cha mwaka 1957. Mchumi Walter Elkan naye, katika utafiti wake wa miaka ya 1950 kuhusu wafanyakazi wa Uganda, alionesha tofauti kati ya mgeni aliyeiacha familia mbali na Mganda aliyeajiriwa huku akiendelea kushika ardhi yake karibu na mji. Huyu wa pili alikuja kazini kwa baiskeli.

Hapa lugha inatusaidia. Kwa Kiluganda baiskeli ni "eggaali", na treni ni "eggaali y'omukka", yaani gari la moshi. Neno ni lile lile "gari" la Kiswahili, lenye asili ya Kihindi. Kwetu Waswahili gari lisilo na sifa ni motokaa. Kwa Mganda "gaali" isiyo na sifa ni baiskeli, na motokaa ikalazimika kutafuta jina jingine, "emmotoka". Tunaona katika neno hilo ni chombo gani kilichokuwa karibu zaidi na maisha ya watu. Reli ilifika Kampala mwaka 1931, baada ya daraja la Mto Naili kukamilika Jinja, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kusafirisha pamba, kahawa na bidhaa. Mfanyakazi wa asubuhi aliendelea kukanyaga pedali.

Maneno ya kazi nayo yanasimulia. "Okupakasa", kufanya kibarua, lina sauti ya "pagazi" wetu wa misafara. "Leejalejja", kibarua cha siku moja moja, ni "rejareja" aliyehama kutoka dukani kwenda kazini. "Ssaawa" ni saa, nazo huhesabiwa kama zetu, kuanzia macheo, hivi kwamba ofisi hufunguliwa saa mbili. Kiswahili kilifika Buganda na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya kumi na tisa, na kikabaki katika mambo yale yale yanayomtoa mtu nyumbani: safari, mzigo, saa na ujira.

Magendo na "panda gari"

Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, Kampala ilikuwa jiji, na mabasi ya Uganda Transport Company yaliwaleta wafanyakazi kutoka vitongojini. Mambo yaliharibika baada ya Idi Amin kutwaa madaraka mwaka 1971 na kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Viwanda vilidorora, mafuta na vipuri vikaadimika, na mishahara ikapoteza thamani. Uchumi uliobaki ulipewa jina la Kiswahili, "magendo". Wakati huo kibanja kiliokoa maisha ya wengi. Karani aliyekuwa na migomba alikula. Asiyekuwa nayo alipanda mihogo na mahindi nyuma ya ofisi na kandokando ya barabara.

Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, lakini raia wa kawaida aliendelea kukisikia zaidi kinywani mwa askari. Katika vita vilivyomalizika Januari 1986, vijiji vilivyo kaskazini mwa Kampala, kuelekea Luweero, vilikuwa uwanja wa mapigano, na barabara ambazo mfanyakazi alizipita kila siku zilijaa vizuizi. Askari walizingira mtaa au kijiji, wakawaamuru watu wapande malori. Wananchi waliziita operesheni hizo kwa amri yenyewe: "panda gari". Wengine walirudi. Wengine hawakuonekana tena.

Sisi tunaofundisha Kampala hatuna budi kulitafakari hili. Katika vitabu vyetu "panda gari" ni sentensi ya somo la tatu au la nne, pamoja na "shuka hapa" na "nauli ni kiasi gani". Miaka kadhaa iliyopita mmoja wetu aliifundisha sentensi hiyo kwa kikundi cha watu wazima waliojiandikisha masomo ya jioni. Mama mmoja aliweka kalamu chini, akainamisha kichwa, akasema kwa Kiluganda kwamba sentensi hiyo anaijua. Hakuna aliyemhimiza airudie. Tangu siku ile tumekoma kudhani kwamba mwanafunzi wa Buganda anayekiogopa Kiswahili ni mvivu au hana uzalendo.

Kamunye na bodaboda

Mabasi ya shirika yalipodhoofika, nafasi yake ilichukuliwa na magari madogo ya watu binafsi, yenye abiria 14, ambayo Kampala huitwa teksi. Watu huziita pia "kamunye", jina la ndege mwewe, kwa jinsi zinavyomnyakua abiria. Maegesho makubwa ya bonde la Nakivubo yakawa kitovu cha nchi. Abiria anayetaka kushuka husema "mu maaso awo", yaani hapo mbele, na kondakta huelewa.

Kisha ikaja bodaboda. Ilianzia Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, katika miaka ya 1960, ambapo waendesha baiskeli walivusha watu kati ya vituo viwili vya mpaka huku wakinadi safari yao kwa neno la Kiingereza la mpaka. Leo bodaboda ni pikipiki, na neno hilo limo katika Kiswahili cha Afrika Mashariki nzima. Treni nayo ilimkumbuka mfanyakazi: Desemba 2015 ilianzishwa huduma ya asubuhi na jioni kati ya Kampala na upande wa Namanve.

Kibanja kinapogeuka kiwanja

Takwimu za sensa zinaonesha jinsi watu walivyosambaa. Mwaka 2002 Kampala ilikuwa na watu wapatao milioni 1.2, na Wilaya ya Wakiso inayoizunguka, iliyoundwa mwaka 2000, ilikuwa na wasiofika milioni moja. Mwaka 2014 Kampala ilikuwa na milioni 1.5 na Wakiso karibu milioni 2. Katika sensa ya mwaka 2024 Kampala ilikaribia milioni 1.8, ilhali Wakiso ilivuka milioni 3. Jiji linalala Wakiso.

Matukio mawili yalidhihirisha uzito wa safari hii. Aprili 2011, bei za mafuta na chakula zilipopanda, wapinzani wa serikali waliwaita watu waende kazini kwa miguu. Dkt. Kizza Besigye alianza safari yake nyumbani kwake Kasangati, Wakiso, na polisi wakamkamata. Machi 2020, kwa sababu ya korona, usafiri wa umma ulisimamishwa. Wauza vyakula wa masoko ya Kampala waliagizwa walale sokoni, wakatandika chini ya vyandarua kati ya meza zao. Baiskeli zikarudi barabarani.

Hata hivyo, badiliko kubwa zaidi linatokea kimya kimya. Kibanja kinakatwa vipande vya futi 50 kwa 100. Neno "kibanja" la Kiluganda na "kiwanja" la Kiswahili ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kibantu, lakini kiwanja chetu ni cha kujengea, na kibanja ni pa kujenga, kulima na kuzikana. Upande wa Gayaza, Matugga na Nansana kibanja kinageuka kiwanja mbele ya macho yetu. Mfanyakazi bado anaamka saa kumi na bado anasimama katika foleni ya magari. Babu yake alirudi jioni kwenye migomba. Yeye anarudi kwenye ukuta na lango, na matoke anayanunua njiani. Safari imebaki, na kilichoifanya iwe na maana kinakwisha.

Hitimisho

Tulimjibu mwanafunzi wetu kwamba aandike akiwa pande zote mbili, kama walivyoishi machifu wa kibuga na wapanda baiskeli wa Mengo. Aliandika upya, kurasa nne, na alama alizopata alizistahili.

Tunapendekeza walimu wenzetu waiache ile mada ya kulinganisha mji na kijiji, angalau hapa Kampala, na badala yake wawatume wanafunzi kwa wazee waliowahi kwenda kazini mjini wakirudi kulala kijijini. Waulize walitumia chombo gani, walipita barabara ipi, nani alibaki shambani, na maneno gani waliyasikia njiani. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa mujibu wa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na kitapendwa zaidi kikiwasikiliza wazee hao kabla ya kuwafundisha. Wahini wapi zaidi ya bibi wa Matugga? Mwanafunzi wetu ameshaanza na wa kwake. Yule bibi, tunaambiwa, amekataa kuuza.