Barafu ya Kibo ilianza kuondoka zamani

Mei 11, 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, akiwa safarini kutoka Rabai kwenda Uchagani, aliona mbele yake kilele cheupe cha Kibo, kwenye mlima Kilimanjaro. Habari zake zilipochapishwa Ulaya, mwanajiografia mmoja wa London, William Desborough Cooley, alizikataa katakata: theluji karibu na ikweta! Cooley alibishana miaka mingi bila kuwahi kukanyaga Afrika. Wachaga hawakuwa na ubishi huo. Katika masimulizi waliyoyaandika wamisionari wa wakati ule kuna ya mangi (mtawala) wa Machame aliyetuma watu wapande wakatazame kile kitu cheupe, akidhani huenda ni fedha. Karibu wote waliangamia huko juu.

Ugomvi wa London uliisha, na theluji ya Kibo ikaingia kwenye ramani, kisha kwenye vitabu vya shule na mabango ya utalii. Ikazoeleka kama kitu cha milele. Lakini barafu hiyo haijatulia hata mara moja tangu watu waanze kuiandika.

Mjerumani Hans Meyer alijaribu kupanda mwaka 1887, akazuiwa na barafu. Alirudi Oktoba 1889 na mpanda milima Ludwig Purtscheller, na ili kuufikia ukingo wa kreta iliwabidi wachonge ngazi kwenye barafu kwa shoka, hatua kwa hatua, wakihema katika hewa hafifu. Meyer alipofika tena mwaka 1898, aliikuta barafu imerudi nyuma kiasi cha kumshangaza. Ilikuwa miaka 9 tu.

Leo mpandaji anayeanzia kambi ya Barafu usiku hufika Stella Point, mita 5,756, akiwa amekanyaga changarawe na vumbi njia nzima. Anaendelea hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, na kama theluji mpya haijaanguka, buti lake halitagusa barafu kabisa. Barafu anaiona kando: kuta zilizosimama wima, rangi yake kati ya nyeupe na buluu, zimepigwa mistari myembamba ya vumbi. Kila mstari ni masalia ya nyakati za ukame.

Kwenye baridi na ukavu wa kule juu, sehemu kubwa ya barafu hugeuka mvuke moja kwa moja, bila kupitia hali ya maji. Nyingine huyeyuka jua linapozipiga zile kuta. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilikauka, theluji ikawa haba. Theluji mpya ni ngao, maana hurudisha mwanga wa jua angani. Ikikosekana, barafu chafu ya chini yake hulinyonya joto. Juu ya hayo limekuja ongezeko la joto la dunia, ambalo ni kazi ya mikono ya binadamu. Mwaka 1912 barafu ilienea kilomita za mraba 12 hivi. Kufikia 2011 zilibaki chini ya 2.

Mwaka 2000, Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake walitoboa barafu hiyo sehemu 6, wapagazi wakiwa wamewabebea mitambo mpaka juu. Ya chini kabisa waliikadiria kuwa na miaka 11,700, na juu yake walikuta tabaka la vumbi la ukame mkali wa miaka 4,000 hivi iliyopita. Kumbukumbu ya mvua ya nchi yetu, ya zama ambazo hakuna aliyeziandika, imo humo, na inapotea ukuta kwa ukuta. Huo ndio msiba ninaouona mimi.

Kuhusu maji, hofu kwamba yatakauka barafu ikiisha inaelekezwa pasipo. Sehemu kubwa kabisa ya maji yanayoingia kwenye mifereji ya Wachaga na mto Pangani ni ya mvua na ukungu unaonaswa na msitu, wala si ya barafu. Barafu yenyewe, Thompson alitabiri ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Vipande vyake bado vipo, ingawa ripoti ya UNESCO ya 2022 haivipi uhai wa kupita 2050. Msitu huo unaonasa maji ulitiwa ndani ya mipaka ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, na bado moto umeushusha ukingo wake wa juu mamia ya mita. Oktoba 2020 mlima uliwaka siku kadhaa, ukawaka tena Oktoba 2022. Barafu hatuna namna ya kuirudisha, lakini moto huo tunaweza kuuzuia.