Saratani ya kichwa na shingo: Hulka ya mgonjwa na maisha baada ya tiba

SARATANI za kinywa, koo na kisanduku cha sauti hugusa mambo mawili ambayo maisha ya mtaani hayaendi bila hayo: kula na kusema. Kwa mkazi wa Sinza, jijini Dar es Salaam, aliyezoea kula na wenzake katika migahawa ya Barabara ya Shekilango, kupona ugonjwa huo si mwisho wa safari.

Mionzi, inayotolewa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, huua chembe za saratani, lakini huweza pia kudhuru tezi za mate. Mdomo hukauka, ladha ya chakula hupungua, meno huoza upesi na taya huweza kukaza. Aliyeondolewa kisanduku cha sauti hupumua kwa tundu la shingoni na hujifunza upya kusema.

Hata hivyo, wagonjwa wawili waliopata tiba moja hawaishi maisha sawa. Shirika la Ulaya la Utafiti na Tiba ya Saratani, EORTC, lilichapisha mwaka 1993 dodoso la maswali 30 la kupima ubora wa maisha. Wagonjwa wa kichwa na shingo waliongezewa maswali 35. Tafiti zilizofanywa Bergen, Norway, zilionyesha kuwa wagonjwa wenye hulka ya wasiwasi, na wanaokwepa matatizo badala ya kuyakabili, hueleza ubora wa chini wa maisha baada ya tiba.

Hiyo si hukumu kwa mgonjwa. Hulka si kosa, na visababishi vikuu vya saratani hizi ni tumbaku, pombe na virusi vya papiloma. Funzo lililopo ni kwamba mwenye wasiwasi anahitaji ushauri nasaha mapema, sambamba na mazoezi ya taya, dawa ya meno yenye floraidi na vyakula laini kama uji na mtori.

Aidha, desturi ya kujibu "sijambo" hata katika maumivu huficha mengi. Ndugu anayeona mgonjwa wake akijitenga wakati wa chakula, akikwepa wageni au akiacha kupokea simu, asidhani ni kiburi. Amwambie daktari siku ya kliniki.