Mbuzi wa Sotoka: Tumwiteje?

Ugonjwa wa sotoka, ulioangamiza ng'ombe wengi wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, una funzo kwa waundaji wa istilahi. Katika miaka ya 1920 J. T. Edwards, huko Mukteswar, India, alipitisha virusi vyake kutoka mbuzi hadi mbuzi, mara nyingi, hata ukali wavyo kwa ng'ombe ukapungua. Ndipo ikapatikana chanjo. Katika miaka ya 1930 Junji Nakamura alitumia sungura vivyo hivyo. Baadaye Walter Plowright, huko Muguga, Kenya, aliviotesha virusi hivyo katika seli za figo za ndama. Mwaka 2011 ugonjwa huu ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani.

Je, mbuzi yule ni "mnyama wa mfano"? La. Mnyama wa mfano huugua ili tujifunze namna mwingine augavyo. Mbuzi huyu alitumiwa kudhoofisha virusi. Afadhali aitwe "mnyama wa kupitishia", na "mnyama wa majaribio" libaki jina la jumla. Mfasiri asipotenganisha hayo, mwanafunzi hataelewa chanjo ilivyopatikana.