Marshall: Timu iliyoinuka kutoka majivuni

Timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Marshall, katika mji wa Huntington, jimbo la West Virginia, ilianza kucheza mwishoni mwa karne ya 19. Hujulikana kwa jina la Thundering Herd, yaani kundi la nyati waendao kwa kishindo.

Mchezo huo, ambao mpira wake una umbo la yai na huchukuliwa zaidi kwa mikono, una mashabiki wengi mno katika vyuo vikuu vya Marekani. Kwa miji midogo kama Huntington, timu ya chuo ndiyo timu ya mji mzima.

Ajali ya mwaka 1970

Tarehe 14 Novemba 1970, Marshall ilifungwa na East Carolina kwa pointi 17 kwa 14. Usiku huo, ndege iliyokuwa ikiirejesha timu nyumbani iligonga miti kilimani karibu na uwanja wa ndege, katika mvua na ukungu, ikaanguka na kuteketea.

Watu wote 75 waliokuwamo walikufa. Miongoni mwao walikuwa wachezaji 37 na kocha mkuu, Rick Tolley, pamoja na madaktari na watu mashuhuri wa mji walioifuata timu yao. Wachezaji sita ambao miili yao haikutambulika walizikwa pamoja katika makaburi ya Spring Hill, mjini Huntington.

Wachunguzi walieleza kuwa ndege ilishuka chini ya kimo kilichoruhusiwa kabla marubani hawajauona uwanja.

Kuanza upya

Uongozi wa chuo ulifikiria kuivunja timu, lakini wanafunzi na wakazi wa mji walitaka iendelee. Kocha mpya, Jack Lengyel, alikusanya wachezaji wachache waliosalia kwa kuwa hawakusafiri, pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioruhusiwa kucheza kwa kibali maalumu.

Tarehe 25 Septemba 1971, katika mchezo wake wa kwanza wa nyumbani tangu ajali, Marshall iliishinda Xavier kwa pointi 15 kwa 13. Ushindi ulipatikana katika pasi ya mwisho, muda ukiwa umekwisha.

Hata hivyo, furaha hiyo haikudumu. Timu ilishindwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda katika kila msimu hadi mwaka 1984.

Miaka ya mafanikio

Subira hatimaye ilizaa matunda. Marshall ilitwaa ubingwa wa taifa wa daraja la pili la vyuo vikuu mwaka 1992, na tena mwaka 1996 chini ya kocha Bob Pruett, bila kufungwa hata mchezo mmoja.

Mwaka 1997 ilipanda daraja la juu. Miaka miwili baadaye ilishinda michezo yake yote 13 na kumaliza ya 10 katika orodha ya timu bora nchini. Wachezaji wake Randy Moss na Chad Pennington walipata sifa kubwa baadaye katika ligi ya kulipwa.

Kisa cha timu hiyo kilitengenezewa filamu mwaka 2006.

Pamoja na mataji hayo, wakazi wa Huntington hawajawasahau marehemu. Kila tarehe 14 Novemba hukusanyika chuoni kwenye chemchemi ya ukumbusho, majina yote 75 yakasomwa, kisha maji yakafungwa hadi kipupwe kiishe.