Mazoezi ni dawa kwa wanaoishi na maradhi sugu, ila yana kipimo chake

PINDI mzazi mwenye umri mkubwa anapoambiwa na daktari kuwa ana kisukari au shinikizo la damu, jambo la kwanza ambalo wanawe aghalabu hulifanya ni kumpokonya jembe. Kijana huajiriwa kumchungia ng'ombe, msichana wa kumpikia na kumtekea maji huletwa, naye mzee huwekewa kiti kivulini na kuambiwa apumzike. Nia huwa njema. Hata hivyo, anaporejea kliniki miezi michache baadaye, huenda sukari ikawa imepanda ingawa anameza tembe bila kukosa, magoti yamekakamaa, na kupanda ngazi chache tu kunamkata pumzi.

Desturi ya kumpumzisha mgonjwa ina mantiki yake kwa malaria au homa ya mapafu, maradhi ambayo huja, yakatibiwa, yakaondoka. Kisukari, shinikizo la damu, pumu na yabisi ya viungo ni maradhi ambayo mtu huishi nayo miaka 20 au 30. Atakayepumzika kwa muda wote huo atapoteza misuli, na akishapoteza misuli, maradhi yenyewe humkalia vibaya zaidi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa mwongozo mpya kuhusu mazoezi mwaka wa 2020, kwa mara ya kwanza liliwatengea nafasi watu wanaoishi na maradhi sugu na wale wenye ulemavu. Kiwango kinachopendekezwa kwao kinakaribiana na cha watu wazima wengine: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali kwa anayeyaweza, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Wazee huongezewa mazoezi ya kuwasaidia kusimama imara bila kuyumba, siku tatu au zaidi. Asiyeweza kufikisha kiwango hicho hufanya kile anachoweza, kwani hata kidogo kina faida kuliko kukaa tu.

Mazoezi ya wastani si lazima yawe mbio, ijapokuwa Kenya imejaa sifa za wanariadha. Ni mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza akiwa anautembea, lakini hawezi kuimba. Kulima, kuteka maji, kufua nguo kwa mikono, na ile safari ya alfajiri ya mfanyakazi anayetoka Kibera au Mukuru kwa miguu hadi Eneo la Viwanda jijini Nairobi, yote huhesabiwa. Ndiyo maana utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 kuhusu vyanzo vya maradhi yasiyoambukiza uliwapata asilimia 6.5 pekee ya Wakenya wazima wakiwa na upungufu wa mazoezi. Utafiti uo huo ulibaini kuwa karibu robo ya watu wazima walikuwa na shinikizo la damu lililopanda. Hatari basi humvizia zaidi yule ambaye maisha yamembadilikia: mstaafu, dereva, karani, na mama aliyeletwa kutoka kijijini kuishi ghorofani kwa mwanawe ambako hakuna shamba wala kisima.

Tofauti kati ya kukaa na kusogea ilidhihirishwa na mtafiti Mwingereza Jerry Morris katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1953. Alilinganisha madereva wa mabasi ya ghorofa jijini London na makondakta wao. Wote walifanya kazi katika basi moja, lakini dereva alikaa kutwa ilhali kondakta alipanda na kushuka ngazi akitoza nauli. Makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva.

Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, manufaa ya mazoezi huanzia ndani ya misuli. Katika ugonjwa huu insulini inayotengenezwa na kongosho huwa haitoshi, au mwili umekuwa mgumu kuitii, hivyo sukari hubaki ikizunguka katika damu. Misuli inapofanya kazi hufungua njia nyingine ya kuingiza sukari, njia isiyotegemea insulini. Zaidi ya hayo, misuli iliyofanya kazi huendelea kuitii insulini vyema zaidi kwa saa 24 hadi 48 baadaye. Hiyo ndiyo sababu wagonjwa hushauriwa wasipitishe siku mbili mfululizo bila mazoezi. Anayetembea saa tatu Jumamosi kisha akakaa hadi Jumamosi ijayo amepoteza sehemu kubwa ya faida hiyo.

Wengi hukata tamaa wanapoona uzani haupungui. Wana haki ya kusikitika, ila hawana sababu ya kuacha. Uchanganuzi wa majaribio 14 uliochapishwa mwaka wa 2001 ulionyesha kuwa wagonjwa wa kisukari waliofanya mazoezi walipunguza kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kwa takriban asilimia 0.66 wakilinganishwa na wasiofanya, ilhali uzani wa makundi hayo mawili haukutofautiana kwa kiasi cha kutajika. Mizani inaweza kusimama palepale na damu ikawa imebadilika.

Wakati wa kutembea pia una uzito wake. Mwaka wa 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago nchini New Zealand walichapisha matokeo ya wagonjwa 41 waliotembea kwa njia mbili tofauti: dakika 30 kwa mkupuo mmoja wakati wowote wa siku, au dakika 10 baada ya kila mlo mkuu. Sukari ya baada ya kula ilikuwa chini kwa asilimia 12 walipotembea baada ya mlo, na baada ya chakula cha jioni tofauti ilifikia asilimia 22. Matokeo haya yanafaa kuzingatiwa nchini, ambako sahani kubwa ya ugali au chapati aghalabu huliwa usiku, kisha watu wakaketi mbele ya runinga na baadaye wakalala.

Lakini dawa yoyote yenye nguvu inaweza kudhuru, na mazoezi hayana msamaha. Hatari kubwa kwa anayejidunga insulini, au anayemeza tembe za jamii ya glibenclamide ambazo huisukuma kongosho kutoa insulini, ni sukari kushuka kupita kiasi. Anayetumia metformin pekee hapatwi na tatizo hili kwa urahisi. Dalili zake ni jasho jembamba, kutetemeka, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa na hata kusema maneno yasiyoeleweka. Mwenye hali hiyo barabarani huweza kudhaniwa kuwa mlevi. Sukari ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita, mgonjwa hupaswa kusimamisha mazoezi na kunywa vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale chakula cha kawaida. Soda isiyo na sukari haimsaidii. Aliyepoteza fahamu hanyweshwi kitu chochote, bali hukimbizwa hospitalini.

Kwa sababu hiyo, anayetumia dawa hizo hupima sukari kabla ya kuanza. Ikiwa chini ya milimoli 5, hula ndizi au kipande cha mkate kwanza. Ikiwa imezidi milimoli 14, huahirisha mazoezi makali hadi atakapojua kiini, hasa iwapo anajihisi mgonjwa au anatapika. Tena haifai kudunga insulini pajani muda mfupi kabla ya kutembea, kwani mguu unaofanya kazi huifyonza haraka. Asiye na mashine ya kupima anaweza kuwaendea wahudumu wa afya ya jamii. Takriban 100,000 kati yao walikabidhiwa mikoba ya vifaa mwaka wa 2023, na miongoni mwa vifaa hivyo mlikuwa na mashine za kupima sukari na shinikizo la damu.

Miguu inastahili maneno zaidi. Kisukari cha miaka mingi huua hisia nyayoni, na mtu huweza kutembea siku nzima na kokoto au msumari kiatuni asijue. Kidonda kidogo kilichopuuzwa ndicho ambacho mara nyingi huishia kwenye msumeno wa daktari wa upasuaji. Kandambili hazifai kwa matembezi, wala kwenda miguu mitupu, hata juu ya mchanga laini wa pwani ambao adhuhuri huunguza. Viatu vilivyofunikwa mbele, visivyobana, pamoja na soksi safi, vinatosha. Si lazima viwe vya bei ghali. Kabla ya kuvivaa, mtu hupitisha mkono ndani. Jioni hukagua nyayo na katikati ya vidole, na asiyeweza kuinama hutumia kioo au mjukuu. Mwenye kidonda tayari haambiwi aache mazoezi, ila huyafanya akiwa ameketi, kwa mikono.

Kwa wenye shinikizo la damu, mazoezi ya mara kwa mara hushusha kile kipimo cha juu kwa takriban alama 5 hadi 8, kiasi kinachokaribia kazi ya tembe moja. Hayachukui nafasi ya tembe, na anayeacha dawa kwa sababu amepata nguvu za kutembea anajitakia kiharusi. Aliye na 180 kwa 110 au zaidi anapaswa kutibiwa kwanza ndipo aanze. Anayeinua uzito, hata kama ni mtungi wa maji, asizuie pumzi, kwani kufanya hivyo huipandisha damu ghafla. Dawa kama atenolol hupunguza kasi ya moyo, hivyo kuhesabu mapigo hakumwambii mtu ukweli kuhusu nguvu anazotumia. Kipimo cha kuzungumza bila kuimba ndicho cha kutegemewa. Dawa hizo pia huweza kuficha ile dalili ya moyo kwenda mbio sukari inaposhuka. Jasho ndilo hubaki kuwa onyo.

Maradhi mengine yana masharti yake. Mwenye pumu inayochochewa na mazoezi huweza kuelekezwa na daktari kuvuta dawa dakika 10 au 15 kabla ya kuanza, na katika maeneo ya baridi kama Limuru hungoja jua lichomoze. Mwenye yabisi ya magoti huruhusiwa kuhisi maumivu kiasi, lakini yakidumu zaidi ya saa mbili baada ya mazoezi, kesho yake hupunguza. Mwenye selimundu hunywa maji mara kwa mara, hukwepa baridi na hapigi mbio za kushindana. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukatika pumzi kusiko kwa kawaida humsimamisha kila mtu, awe na ugonjwa upi.

Aliyekaa muda mrefu huanza na dakika tano, asubuhi na jioni, akiongeza polepole wiki baada ya wiki. Misuli huimarishwa kwa kuinuka kitini na kuketi tena mara 10 bila kushika popote, au kwa kuinua chupa mbili zilizojazwa maji. Kusimama kwa mguu mmoja, mkono ukiwa karibu na mwimo wa mlango, humkinga mzee asianguke. Na lile jembe linaweza kurudishwa: mzee hupewa kitalu cha mboga badala ya ekari nzima.

Katika mwezi wa Ramadhani mpangilio hubadilika, jambo linalowahusu wengi Pwani na Kaskazini Mashariki. Mwenye kisukari aliyeruhusiwa na daktari kufunga huepuka kazi nzito katika saa za mwisho kabla ya magharibi, wakati ambapo sukari huelekea kuwa chini. Sala ya tarawehe, kwa kusimama, kurukuu na kusujudu kwake, huhesabiwa kuwa mazoezi ya siku hiyo, na ni vyema kunywa maji ya kutosha kabla yake. Kupima sukari hakubatilishi saumu. Ikishuka chini ya milimoli 3.9 au ikipanda kupita 16.6, mgonjwa hufungua papo hapo, hata kama zimesalia dakika chache jua litue.